Jedwali la Word limetoka nje ya karatasi? Acha kuvuta mistari, fanya hivi

Nina steshenari hapa Kirumba, Mwanza, sio mbali na Mwaloni, na kazi inayonila muda kuliko zote sio kuchapa, ni kunyoosha majedwali ya watu. Asubuhi anakuja mwanafunzi wa Nyegezi na ripoti yake ya fildi, mchana katibu wa BMU (kikundi cha kusimamia mwalo wa wavuvi) na hesabu za samaki za wiki nzima, na wote unakuta walishahangaika nyumbani kuvuta mistari na mausi mpaka jedwali likazidi kuharibika. Kuvuta ndo kunaharibu, kwa sababu unabadilisha kinachoonekana wakati chanzo kiko kwenye settings ambazo hujazigusa.

Nitaeleza kwa kufuata kazi moja niliyoifanya juzijuzi. Mama mmoja, katibu wa BMU ya kisiwani, kaja na faili kwenye simu, "Shikamoo mama," "Marahaba mwanangu, nisaidie hii haraka, nawahi meli ya Nansio." Jedwali lake lina kolamu saba: tarehe, namba ya mtumbwi, sangara, sato, dagaa, thamani, maoni. Kolamu ya maoni haionekani kabisa, imepotelea nje ya karatasi upande wa kulia, na ukurasa wa pili hauna vichwa kwa hiyo hujui kilo zipi ni za sato zipi za sangara. Natumia Word ya kompyuta, ya simu sehemu nyingi za hapa hutaziona.

Hatua ya 1. Bonyeza F12, hifadhi kopi kwa jina jingine, fanyia kazi hiyo kopi. Halafu Ctrl+S kila ukimaliza hatua, umeme ukikatika usianze upya.

Hatua ya 2. Washa alama zilizofichika, Ctrl+Shift+8, au bonyeza ile alama ya ¶ pale Home. Sasa kila Enter inaonekana, kila spesi ni kinukta, kila Tab ni kamshale. Watu wengi wanairuka hatua hii na mimi nasema ndo nusu ya kazi, maana kwenye faili la yule mama nilikuta Enter kumi na moja ndani ya kiboksi kimoja cha maoni, mtu alikuwa anasukuma mstari wa chini uende ukurasa wa pili, na bila hizo alama ungeona nafasi nyeupe tu na ungeanza kuvuta mstari. Futa Enter zote za namna hiyo na spesi zilizopangwa ili namba zikae upande wa kulia. Namba unaziangaza zote, yaani unazichagua kwa mausi, na kubonyeza Ctrl+R, basi.

Hatua ya 3. Rudisha jedwali ndani ya karatasi. Weka kasa (kale kamstari kanakopepesa pale unapoandika) ndani ya jedwali, juu zitatokea tabo mbili mpya, na hapa panachanganya wengi sana: kuna Layout ya ukurasa ambayo ipo muda wote, na kuna Layout ya jedwali ambayo inatokea ukiwa ndani ya jedwali tu, Word mpya zinaiita Table Layout. Tunataka hiyo ya pili. Bonyeza AutoFit, chagua AutoFit Window, jedwali linarudi lote kwenye upana wa ukurasa hata kama upande wa kulia ulikuwa huuoni. Likishakaa, rudi AutoFit palepale uchague Fixed Column Width, la sivyo ukiandika neno refu kolamu zinaweza kuanza kutembea tena.

Sasa piga hesabu kabla hujafurahi. Karatasi ya A4 ina upana wa sm 21, pambizo za kawaida ni sm 2.54 kila upande, unabaki na sm 15.92. Ukigawa kwa kolamu saba ni kama sm 2.27 kila moja, na namba ya mtumbwi haitoshi hapo, itajikunja mistari mitatu. Hapo usipunguze fonti mpaka mtu atafute miwani, laza ukurasa. Weka kasa kwenye mstari ulio juu ya jedwali, nenda Layout ya ukurasa, Breaks, Next Page, fanya hivyohivyo chini ya jedwali, halafu ingia ndani ya jedwali, Orientation, Landscape. Ukurasa wa jedwali tu ndo utalala, barua iliyotangulia inabaki imesimama. Upana wa kuandikia unakuwa sm 24.62, kila kolamu kama sm 3.5, na AutoFit Window unairudia mara moja. Hapo mama akasema "ehee, maoni yangu hayo."

Angalia pia Size pale kwenye Layout ya ukurasa. Mafaili mengi yanakuja yamewekwa Letter, ambayo ni pana kidogo kuliko A4 lakini fupi, sm 21.59 kwa 27.94, na mpangilio unahama wakati wa kuprinti.

Hatua ya 4. Maandishi yamekatwa juu au chini, unaona nusu ya herufi. Angaza mistari yote, kitufe cha kulia cha mausi, Table Properties, tabo ya Row. Kama Specify height ina tiki na pembeni imeandikwa Exactly, ibadilishe iwe At least. Exactly maana yake urefu hauongezeki hata maandishi yakizidi. Ikiwa bado, nenda Paragraph, Line spacing iwe Single, na Before na After ziwe 0. Hii ya Paragraph inawahusu sana wanafunzi, unaweka double spacing ripoti nzima na jedwali linaingia humohumo linakuwa refu kurasa nne.

Hatua ya 5. Vichwa vijirudie kila ukurasa. Angaza mstari wa kwanza, lazima uwe wa kwanza kabisa, halafu Layout ya jedwali, Repeat Header Rows. Ikigoma, kuna vitu viwili vya kuangalia: Table Properties, tabo ya Table, Text wrapping iwe None na sio Around, na hakikisha hakuna Page Break mtu kaiweka kwa mkono katikati ya jedwali. La yule mama lilikuwa Around. Ukiwa humohumo ingia tabo ya Row utoe tiki kwenye Allow row to break across pages, ili mtumbwi mmoja usigawanyike kurasa mbili.

Hatua ya 6. Jumla. Hapa naomba uwe makini kweli, maana sio urembo tena, ni kilo za watu na hela za watu. Fomula ya =SUM(ABOVE) inajumlisha vilivyo juu, lakini kiboksi kitupu kinaweza kuikatisha njiani, kwa hiyo siku ambayo hakukuwa na dagaa andika 0. Na kama kichwa cha kolamu ni mwaka, tuseme 2024, inaweza kuuhesabu kama kilo, jumla inazidi kwa 2,024 na hakuna anayejua zimetoka wapi. Taja viboksi mwenyewe, mfano =SUM(C2:C8), C ni kolamu ya tatu, 2 mpaka 8 ni mistari. Ukibadilisha namba yoyote juu, jumla haijibadilishi yenyewe, bonyeza juu yake halafu F9.

Hatua ya 7. Ukurasa mtupu mwishoni. Chini ya jedwali Word inaweka ¶ moja ambayo haifutiki, jedwali likijaa ukurasa hiyo alama inaangukia ukurasa mwingine. Iangaze, fonti andika 1, After 0, Single. Inarudi.

Mwisho F12 tena, aina ya faili chagua PDF, hiyo ndo unayotuma au kupeleka kuprinti sehemu nyingine, kwa sababu fonti isiyopo kwenye kompyuta ya mwenzako inahamisha mistari yote. Faili la Word mama nilimrushia WhatsApp abaki nalo kwa wiki ijayo, na PDF tukaprinti nakala tatu, akaondoka anakimbilia meli.