SOMO: Kulinda udongo wa daraja la kwanza unapochimba makaa ya mawe (soma kabla hujaja inboksi)

Wakuu, mwezi huu nimeulizwa mara nne: "Ukichimba makaa shambani, si unarudisha tu udongo?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtupia hii. Nazungumzia Illinois, Marekani, nilikofanya kazi hiyo. Sheria yenyewe, ya kuchimba makaa juu ya ardhi na kuirudisha ardhi hiyo, ni ya shirikisho; Rais Jimmy Carter aliisaini Agosti 1977.

1. Chukua ramani ya udongo ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Itakuonyesha ardhi ipi ni ya daraja la kwanza, yaani ile bora kabisa kwa mazao.

2. Angalia historia. Kama palilimwa mazao miaka 5 au zaidi kati ya 10 kabla ya kampuni kununua au kukodi, sheria inakubana. Kuliacha shamba liote pori baada ya kulinunua hakukuokoi.

3. Kwenye maombi ya kibali eleza udongo utatolewaje, utakaa wapi, utarudije.

4. Udongo wa juu rundo lake, wa chini rundo lake. Panda nyasi juu ya marundo.

5. Sawazisha kifusi (mawe na udongo uliobaki baada ya kutoa makaa), rudisha wa chini, kisha wa juu. Kina kisipungue inchi 48 (sentimita 122 hivi), isipokuwa ardhi ya asili yenyewe ilikuwa na tabaka la kuzuia mizizi kabla ya hapo.

Hapa ndipo nilipoharibu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, bosi anahesabu saa za mashine, nikasema haya, piteni. Skrepa (mashine kubwa za kukwangua na kubeba udongo) zimejaa, zikapita juu ya udongo wa chini ungali mbichi, zikarudi, zikapita tena. Pakalala kama mkeka, tukapiga na picha. Julai mahindi ya jirani yamenipita kichwa, ya kwetu yananifika kiunoni, na saa nne asubuhi majani yameshajikunja. Nikachimba shimo: mizizi imeshuka kidogo, ikakata kona, ikatambaa kando kama imegonga sakafu ya saruji. Kina kilitimia kwenye karatasi. Udongo ulikuwa umeshindiliwa.

Kwa hiyo: USIPITISHE mashine nzito juu ya udongo wa chini. Lori limwage likiwa juu ya kifusi, tingatinga jepesi lisawazishe, basi. Chuo Kikuu cha Illinois walishapima: udongo wa kumwagwa na lori ulizaa mahindi kuliko wa skrepa. Ukishakosea, dawa ni ripa (jino la chuma la kupasua udongo, linavutwa na mashine) ndefu ya kufika kule chini, tena udongo ukiwa mkavu. Bei yake utaisikia.

6. Thibitisha kwa mavuno, angalau misimu 3. Wastani ufikie wa udongo wa aina hiyo ambao haukuchimbwa. Kabla ya hapo usiote kurudishiwa yote ile dhamana (fedha ambayo kampuni huweka kabla ya kuchimba).

MASWALI

Mchapakazi: Mkuu, mbolea nyingi si inamaliza kazi?

– Soma hatua ya 5.

Mchapakazi: Nimesoma. Ila ukiweka nyingi sana?

– Mbolea haitoboi sakafu.

Binti wa Mbinga: Shikamoo kaka. Mgodi wa makaa wa Ngaka, huku Ruvuma, Tanzania, hauko mbali na kwetu. Najua sheria hiyo si yetu, ila nitajuaje udongo umelowa mno kabla mashine hazijaingia?

– Marahaba mdogo wangu, hilo ndilo swali. Chukua udongo wa kina kile kile kitakachokanyagwa, usiokote wa juu. Usokote viganjani. Ukitoa uzi mwembamba kama njiti ya kiberiti bila kukatika, mashine zilale. Ukimeguka kabla ya hapo, endeleeni.

Binti wa Mbinga: Asante. Bibi akichimba ngoro (yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo, yenye matuta pembeni) hutandaza nyasi kwanza, udongo ndio unafuata juu. Naona naye hapendi mtu akanyage matuta.

– Bibi yako angenisaidia sana siku ile. Ongeza na hili: chukua nondo ya milimita 8, ichomeke ardhi iliyochimbwa na isiyochimbwa siku hiyo hiyo. Mkono wenyewe utakwambia tofauti.

Fundi Kibwe: Ya 8 inapinda. Tumia 12.

– Sawa, 12. Na yangu ilipinda, sikutaka tu kusema.