Jinsi ya kukagua posta orijino ya Charley Varrick (1973)

Wakuu, hii muvi watu wanaipita tu na inaniuma kweli. Imeongozwa na Don Siegel, yule aliyeongoza Dirty Harry, Walter Matthau ni rubani wa ndege ya kunyunyizia mashamba dawa, anaenda kuiba kabenki kadogo New Mexico akitegemea vijisenti, kufungua mifuko anakuta zaidi ya dola 700,000, kumbe ni hela za mafia, yaani hapo polisi ndo wa kuogopwa mwisho. Matthau tulimzoea kwenye vichekesho, humu katulia tuli anatafuna bablishi na kupiga hesabu. Ndo maana wanaokusanya posta za muvi, yale makaratasi ya tangazo yanayobandikwa sinema, wanaitafuta ya hii.

Hatua ya 1: pima. Za Marekani za miaka hiyo ni inchi 27 kwa 41. Ikipungua sana achana nayo.

Hatua ya 2, hii ndo yenyewe: mikunjo. Enzi hizo posta zilitumwa kwenye majumba ya sinema zikiwa zimekunjwa, mara moja kwa wima na mara tatu kwa ulalo, unapata vipande 8. Yangu ya kwanza niliuziwa feki, kwenye picha mikunjo inaonekana safi kabisa, ilipofika nikapitisha kidole pale kwenye mstari, laini kama kioo, mkunjo wenyewe ulikuwa picha ya mkunjo! Kwahiyo gusa, halafu geuza nyuma, mkunjo lazima uonekane na huko.

Hatua ya 3: ukingo wa chini tafuta namba ya National Screen Service, kampuni iliyokuwa inasambaza posta za sinema Marekani, inaanza na 73/. Ikiwa na R mbele ujue ilichapwa muvi iliporudishwa sinema.

Hatua ya 4: lenzi ya kukuzia. Maandishi madogo yawe makali, yakiwa na ukungu hiyo imeskaniwa.

Swali: Mkuu yangu imelala, 30 kwa 40, haina namba, nimepigwa?
Jibu: Hapana, huo ni ukubwa wa Uingereza, kule hawakuwa na namba hiyo. Kagua mikunjo na maandishi.

Swali: Naweza kuipiga pasi inyooke?
Jibu: Usithubutu, na selotepu pia usiweke, gundi yake inakula karatasi. Mikunjo iache.

Swali: Sijaiona, mwishoni anakamatwa?
Jibu: Hilo sisemi. Ila gari likianza kuikimbiza ile ndege, usiinuke hata kufuata maji.