Kupata umri na nasaba ya mzee wako, Unguja na Pemba

Usianze na jina. Juma bin Ali wako wengi mno, na tarehe ya kitambulisho cha mzee mara nyingi ilikadiriwa tu siku ya kuandikishwa. Anza na matukio. Asiyejua mwaka aliozaliwa anajua alikuwa mkubwa kiasi gani jambo fulani lilipotokea.

Chukua daftari, kila tukio ukurasa wake: kuzama kwa Pegasus, manowari ya Waingereza, bandarini Unguja (Septemba 1914), kumalizika kwa vita vya Hitla (1945), mgomo wa wafanyakazi wa 1948, vita vya ng'ombe Kiembe Samaki, wakulima walipopinga ng'ombe wao kuchanjwa kwa lazima (Julai 1951), fujo za Juni 1961, Mapinduzi ya Januari 1964, kuuawa kwa Mzee Karume (Aprili 1972). Kwa vizazi vya nyuma kuna kimbunga cha Aprili 1872, kilichong'oa mikarafuu ya Unguja huku ya Pemba ikisalimika kwa kiasi kikubwa, na amri ya Aprili 1897 iliyoondoa utumwa kisheria.

Usiulize "mwaka gani?" Uliza meno yalikuwa yameng'oka, chuoni alifika juzuu ya ngapi, alikwishaolewa au bado. Bibi akisema vita vya ng'ombe vilimkuta kigori, mkadirie miaka 9 hadi 13. Amezaliwa kati ya 1938 na 1942. Akiongeza kuwa mdogo wake anayemfuata alikuwa anatambaa vita vya Hitla vilipokwisha, hesabu imekaa sawa.

Panapoharibika zaidi ni kwenye udugu. "Baba" anaweza kuwa baba mdogo, "babu" akawa kaka wa babu, na "ndugu" akawa mtoto wa mama mkubwa au ndugu wa kunyonya. Kwa kila jina uliza: tumbo moja? Baba mmoja? Nani alimnyonyesha? Usipouliza, utaunganisha matawi mawili yasiyo na damu moja.

Kabila iliyoandikwa nayo isikufunge. Watu walijiita vingine sensa hadi sensa, na baadhi ya walioachwa huru walichukua ukoo wa bwana wao wa zamani. Andika ulivyoambiwa na ulivyosoma, kila kimoja na mahali pake, usifute hata kimoja. Mzee akinyamaza hapo, mwache. Ni lake kulisema au kutolisema.

Ndipo uende Nyaraka za Taifa, Kilimani, ukiwa na majina matatu ya mtu, kijiji, na kipindi kisichozidi miaka 10. Tafuta kila namna jina linavyoweza kuandikwa: Mohamed, Muhammad, Mohammed. Hati za nyumbani za ndoa, mirathi na wakfu huenda zina mwaka wa Hijria: zidisha kwa 0.97, ongeza 622. 1315 inakuangukia 1897. Mtu wa miaka 66 ya Hijria ana 64 tu ya kizungu, basi usichanganye.

Tarehe ya shahidi mmoja iandike kwa penseli. Itie wino pale shahidi wa pili, au hati, atakapokubaliana nayo.