SOMO: Kulichakaza jahazi la mfano lionekane limekula bahari

Haya wakuu, somo hili niliahidi tangu kabla ya Ramadhani nikazembea, leo ndo hili. Majahazi mengi ya mfano tunayochonga hapa Lamu yanang'aa vanishi kama kitanda cha bibi harusi. Kabla hujashika burashi nenda Matondoni maji yakitoka, utafute chombo kilichopwelewa, uangalie uchafu umekaa wapi na kwa nini umekaa hapo. Juu mbao zimepakwa sifa (mafuta ya papa) zimekuwa nyeusi-kahawia, chini ni deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, kweupe, na katikati ule mstari wa kijani wa mwani.

Anza na dawa ya mbao. Chukua stilwulu ile inayoshika kutu, ioshe na sabuni itoke mafuta, itie kwenye chupa ya siki nyeupe uiache siku mbili. Kifuniko usikikaze!! inatoa gesi, yangu ilifumka ikamwagikia mkeka wa mamangu na maneno niliyopewa siyaandiki hapa. Ikiwa inakaa, paka mbao chai ya rangi nzito isiyo na sukari, iache ikauke kabisa, maana siki yenye chuma inashikana na tanini, ile dawa ya asili iliyo ndani ya mbao na chai, ndo mbao inageuka kijivu, na hizi mbao nyepesi tunazotumia tanini yake haitoshi. Halafu chuja siki upake mkono mmoja TU, rangi inakuja polepole, ukiwa na pupa utarudia mara tatu ulale uamke una jahazi la makaa.

Chini paka nyeupe isiyong'aa, kisha sugua na msasa laini kwenye mkuku, ndipo linapokalia mchanga. Mwani ni kijani na kahawia iliyozimuliwa na maji mengi.

Kutu ndo watu wanaharibu. Kutu inatoka kwenye msumari inashuka na maji, haioti tu popote. Burashi ya nywele mbili tatu, kahawia na machungwa kidogo, michirizi mifupi, na misumari mingine iache bila kitu. Tanga chemsha kwenye chai, tia kiraka kimoja. Basi.

MASWALI

– Fundi, macho ya omoni, yale ya mbele ya jahazi, napaka lini?
Baada ya siki, kabla ya uchafu. Yasugue kidogo tu yasipotee.

– Niko Malindi, mimi si wa majahazi, nina mabehewa ya mizigo ya plastiki, 1:87, mjomba alinitumia. Siki itashika?
Haishiki kaka, plastiki haina tanini. Wewe tumia chumvi: paka rangi ya kutu kwanza, ikikauka lowesha kidogo unyunyize chumvi kwa mafungu, ikigandama puliza rangi ya behewa juu yake, ikikauka ikwangue na mswaki, kutu itachungulia yenyewe. Vumbi saga chaki ya kahawia, nyingi iende chini karibu na magurudumu. Na usisahau kwa kipimo hicho mchirizi wa sentimita 1 ni sentimita 87 kwenye behewa la kweli, kwa hivyo tulia na burashi.

– Naweza kupaka sifa yenyewe? Nataka na harufu.
Unaweza mkuu, ila mwulize shemeji kwanza. Mimi nilipaka chombo kimoja, paka wa mtaa mzima wakahamia barazani kwangu wiki nzima, na mteja akasema atakifuata "kesho inshallah", mpaka leo.