Kukusanya Vichekesho vya Sinema vya Miaka ya 1950 Ukiwa Dodoma

Anayetaka kuanza kukusanya filamu za vichekesho za miaka ya 1950 aanze na zile alizokwisha kuzitazama mara mbili na bado zikamchekesha. Utamu wake haumo katika kutojua mwisho, bali katika namna uongo mdogo unavyozaa uongo wa pili hadi nyumba nzima inavurugika, na ndiyo maana hata mzee asiyefuatilia Kiingereza, akiketi sebuleni Ipagala jioni, hucheka mahali panapostahili.

Kabla ya kulipa, soma alama ya ukanda, yaani namba ya eneo la dunia ambalo diski imekusudiwa kuchezwa, iliyochapishwa nyuma ya kasha. DVD za Marekani ni za ukanda wa 1 na za Uingereza ni za ukanda wa 2, ilhali Tanzania imo katika ukanda wa 5, kwa hiyo deki isiyofunguliwa kwa kanda zote huzikataa. Mimi nilijifunza hayo baada ya fedha kwisha kutoka mfukoni. Kwa Blu-ray mambo ni mepesi, kwani Afrika na Ulaya zote zimo katika ukanda B.

Usidharau picha nyeusi na nyeupe. Billy Wilder aliitengeneza Some Like It Hot ya 1959 bila rangi kwa sababu, katika majaribio ya rangi, vipodozi vya Tony Curtis na Jack Lemmon, walioigiza wakiwa wamevaa kike, vilionekana vya kijani. Kwa maoni yangu, nakala yoyote ya filamu za aina hiyo iliyopakwa rangi baadaye haifai hata kwa bei ya bure. Vilevile, filamu nyingi za kabla ya 1953 zina picha inayokaribia mraba: iache hivyo, maana runinga ikiivuta ijaze kioo, nyuso zote hunenepa.

Anayethubutu kununua mikanda halisi ya projekta, yenye upana wa milimita 16, ainuse kwanza. Harufu ya siki ni dalili kwamba plastiki yake inaoza, na mkanda huo huambukiza mingine iliyo karibu.

Vumbi la kiangazi chetu ndilo adui mkubwa wa diski. Zisimamishe wima ndani ya makasha yake, ndani ya kabati lenye mlango, mbali na dirisha linalopigwa na jua la alasiri, na unapozifuta kwa kitambaa laini, anza katikati ukielekea ukingoni, kamwe usizungushe mkono, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski huishinda deki upesi zaidi kuliko ule unaoukata.