Kabla Hujasafisha Rejista ya Windows

Rejista ni mahali Windows inapohifadhi mipangilio yake. Ilianza ikiwa ndogo katika Windows 3.1 mwaka 1992, na kuanzia Windows 95 ikabeba sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikifanywa na faili za INI, yaani faili za maandishi zenye mipangilio, zilizotapakaa huku na huko. Humo ndimo mfumo unamotazama ili kujua picha ifunguliwe na programu gani, draiva ipi ianze mapema na huduma ipi isubiri. Programu nyingi zikisaniduliwa huacha mabaki humo, na mabaki hayo ndiyo programu za kusafisha rejista hujinadi kuyaondoa.

Kabla ya kupakua chochote, jiulize unatibu ugonjwa gani. Kama shida ni kompyuta kuwa nzito, rejista si mtuhumiwa wa kwanza, wala wa pili. Windows haiipitii rejista kama kitabu, kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Programu huulizia ufunguo fulani, yaani kijisehemu cha rejista chenye jina lake, kwa njia yake kamili, hupewa jibu, kazi imekwisha. Maingizo yasiyo na mwenyewe hubaki pembeni bila kuguswa na mtu. Uzito wa kompyuta kwa kawaida hutokana na programu nyingi zinazojiwasha pamoja nayo, diski iliyojaa, RAM ndogo au diski ya zamani ya kuzunguka. Fungua Task Manager, uzime usivyovihitaji kwenye orodha ya vinavyojiwasha, kisha uone kama bado una haja ya kuendelea.

Zipo sababu za kweli za kugusa rejista. Programu uliyoisanidua inakataa kusakinishwa tena kwa kuwa inadhani bado ipo. Kila ukiwasha kompyuta unaambiwa faili fulani haipatikani. Menyu ya kubofya kulia ina jina la programu uliyoiondoa zamani. Lakini tazama: katika hali zote hizo unajua unachokitafuta, na huhitaji kufagia nyumba nzima.

Microsoft wenyewe waliwahi kutoa kifaa cha namna hii miaka ya 1990, RegClean, kisha wakaachana nacho. Leo msimamo wao ni kwamba hawaungi mkono matumizi ya programu hizi, na hawakuhakikishii kwamba madhara yake yatatengenezeka bila kusakinisha Windows upya.

Ukishaamua kuendelea, chagua programu kwa jicho kali. Ile inayokagua bure, ikakuonyesha maelfu ya "makosa" kwa herufi nyekundu, halafu ikadai malipo ndipo irekebishe, ifute hapo hapo. Tangu Machi 2018 Microsoft Defender huziweka programu zinazotisha watu kwa mtindo huo katika kundi la programu zisizotakiwa. Pakua kwenye tovuti ya mtengenezaji tu, na wakati wa kusakinisha soma kila dirisha, maana visanduku vilivyokwisha kuwekwa alama mara nyingi huleta wageni usiowaalika. Hata jina kubwa si kinga kamili: mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza programu hasidi ndani ya CCleaner toleo la 5.33, likasambazwa kutoka kwa watengenezaji wenyewe likiwa na saini halali ya kidijitali, na watumiaji wapatao milioni 2.27 wakalipata. Kwa hiyo programu ikikutaka uzime antivairasi kwanza, iache.

Kazi kubwa ya maandalizi ni njia ya kurudi nyuma. Nakili hati na picha zako kwenye diski ya nje, kisha uichomoe. Halafu angalia System Restore, huduma ya Windows ya kurudisha mfumo ulivyokuwa awali. Kwenye kompyuta nyingi zenye Windows 10 na 11 huduma hii imezimwa, na mwenye kompyuta hugundua siku anayoihitaji. Tafuta "Create a restore point", washa ulinzi wa diski C, tengeneza alama ya kurejea na uipe jina utakalolitambua. Usiishie hapo: fungua rstrui, dirisha la System Restore, uhakikishe alama hiyo imo kwenye orodha.

Nakala ya rejista unayoihifadhi kama faili ya .reg kwa Regedit, kihariri cha rejista cha Windows, inasaidia pia, ila ina mipaka. Faili ya .reg ukiirudisha huongeza yaliyofutwa na kuandika juu ya yaliyobadilika, lakini haiondoi funguo mpya zilizoingia baada ya nakala. Nayo nakala ambayo programu ya kusafisha huitengeneza yenyewe ni nzuri mradi Windows inawaka. Isipowaka utaifunguaje? Ndiyo maana unahitaji flashi ya kurejeshea mfumo, iliyotengenezwa mapema kwa kifaa cha Windows chenyewe. Tumia flashi tupu, kwani kilichomo hufutwa. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba data ya diski, andika ufunguo wake wa urejeshaji wa tarakimu 48 mahali nje ya kompyuta hiyo, maana mazingira ya urejeshaji huweza kuuliza. Na miongozo ya zamani inayokuelekeza kwenye folda ya RegBack imepitwa na wakati: tangu Windows 10 toleo la 1803 mfumo hauweki tena nakala ya rejista humo bila kuamriwa.

Kompyuta ya ofisini usiiguse bila kumwuliza mtu wa TEHAMA. Masasisho ya Windows yanayosubiri yamalize, uwashe upya, ufunge programu zote.

Jambo moja husahaulika sana: diski za nje na za mtandao ziunganishe kabla ya ukaguzi. Programu ya kusafisha ikikuta njia inayoelekea diski E ambayo haipo wakati huo, inaweza kuihesabu kuwa imekufa, na programu uliyoisakinisha huko ikapoteza mipangilio yake.

Matokeo yakija, usibofye "chagua yote". Soma. Mabaki yenye jina la programu unayojua umeiondoa yana hatari ndogo. Maingizo ya DLL za pamoja (faili za msimbo zinazotumiwa na programu nyingi) na yale ya COM (mfumo wa Windows wa programu kutumia vipande vya programu nyingine) yaache, hata kama programu inayaita takataka. Ondoa machache, washa kompyuta upya, jaribu, ndipo urudi kwa mengine. Jaribio liguse pia vitu unavyovitumia mara chache, kama printa, skana na programu ya mahesabu ya mwisho wa mwezi, kwa sababu hitilafu ya rejista huweza kujificha mpaka siku kazi hiyo itakapohitajika. Nakala zako usizifute kabla vyote hivyo havijafanya kazi angalau mara moja.