Kijana mmisionari Dar: panga ziara kwa jua na kwa swala

Kama umetumwa Dar es Salaam kueneza neno, usijaze ratiba kuanzia asubuhi hadi usiku kama ulivyozoea kwenu. Kati ya saa sita na saa tisa mchana jua linachosha mno, hasa Desemba hadi Machi, na watu wengi wako kazini. Muda huo kaa kivulini ujifunze Kiswahili. Ziara za majumbani zianze saa kumi jioni. Majirani zako wengi ni Waislamu, kwa hiyo Ijumaa mchana usiende kwa mtu, na jioni za Ramadhani waachie watu futari yao.

Mlangoni piga hodi ukiwa umesimama pembeni, usichungulie ndani. Ukipiga mara tatu bila kusikia karibu, ondoka kwa amani. Mzee mpe shikamoo, kisha uulize habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na umsikilize kweli anapojibu. Mimi naamini hapo ndipo utume wako unapoanza, kabla hata hujafungua Biblia. Ukiletewa maji au chai, pokea kwa mkono wa kulia. Kama tumbo lako bado halijazoea maji ya hapa, omba chai. Imeshachemshwa na hakuna atakayejisikia vibaya.

Masika, yaani Machi hadi Mei, bonde la Jangwani hufurika na Barabara ya Morogoro huweza kufungwa. Siku hizo tembelea mtaa wako mwenyewe.